Shahidi Wetu Alikuwa Jaji

Yule mzee alikuwa mzito. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyotupata yalitokana na uzito wake. Alikuwa mrefu, mifupa mipana, na upande wake mmoja ulikuwa umelala tangu alipopata kiharusi, kwa hiyo kumtoa kitini hadi bafuni ilikuwa shughuli ya watu wawili. Kumpikia niliweza, kumnyoa ndevu niliweza, kumsomea gazeti na kugombana naye juu ya chumvi niliweza sana. Kumnyanyua sikuweza.

Nilifanya kazi nyumbani kwa binti yake, katika mji wa Wheaton kando ya Washington, miaka ile walipokuwa wakichimba njia ya treni ya chini ya ardhi na barabara yetu kubwa ilikuwa vumbi na mabati kutwa. Binti alikuwa ameolewa na Mmarekani, wakaachana, akabaki na nyumba na kazi ya ofisini Washington. Mama yake alipofariki huko kwao Uskoti, akamfuata baba akamleta akae naye. Mimi nilikuwa pale tangu asubuhi mpaka binti arudi jioni.

Kwetu ni Tanga. Makaratasi yangu ya kuishi Marekani niliyapata kwa ndoa. Ndoa ilikwisha, makaratasi yakabaki, na sikuwahi kulalamika juu ya mgawanyo huo. Mdogo wangu, wa tumbo moja, ndiye hakuwa na bahati ya aina yoyote. Alikuja kwa viza ya mwanafunzi, asome uhasibu katika chuo cha jirani, akakaa kwangu. Siku anaondoka nyumbani mama alinipigia simu ya posta, akapiga kelele ili sauti ifike: "Nakukabidhi mwenzio! Nimekukabidhi!" Nikasema nimempokea. Neno hilo ukishalitamka kwa mama yako huwezi kulirudisha.

Jioni moja alinipitia pale kazini akanikuta nimekwama na mzee, nusu yuko kitini, nusu yuko mikononi mwangu, na wote wawili tunahema. Mdogo wangu akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo, mzee," akapitisha mikono yake kwapani mwa yule mtu, akamnyanyua. Nilipigwa na butwaa. Alikuwa mwembamba, lakini kumbe nguvu zilikuwa mgongoni.

Mzee alipokwisha kukaa vizuri akauliza yule kijana amesema nini. Mdogo wangu akamweleza kwamba ni maamkio ya mtu mzima, na mtu mzima huitikia "Marahaba." Mzee akalijaribu lile neno mara kadhaa, akaiviringisha ile r kwa namna ya kwao mpaka nikacheka. Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa anakuja kila jioni kwa basi baada ya masomo. Basi lilikuwa likisimama pale kona, breki zake zikilia, na mzee alikuwa akizisikia kabla yangu. Akageuza uso mlangoni akisubiri aamkiwe.

Binti akatuona siku moja, akafurahi mno, na Ijumaa akampa mdogo wangu bahasha. Mdogo wangu akairudisha. Binti akaona haya, akadhani ametukosea. Nikamwambia mdogo wangu kwa Kiswahili apokee, mtu akikushukuru hupigi mkono wake. Akapokea. Kila Ijumaa bahasha ikawa mezani, na sisi tuliiita hela ya soda, kama tunavyoita nyumbani kitu anachopewa mtu aliyekusaidia kubeba mzigo. Hakuna aliyeifikiria zaidi ya hapo.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa jaji. Sikuambiwa na binti, nilijua kwa picha iliyotundikwa ukumbini: mtu mrefu, nywele za bandia nyeupe kichwani, joho jeupe lenye misalaba myekundu mbele. Mdogo wangu alipoiona mara ya kwanza aliniambia pembeni, "Dada, huyu mzee mbona kama kapelekwa kwa mume?" Nikamfinya.

Maisha yake alinisimulia wakati wa kunyolewa, maana ndipo alipokuwa hana la kufanya na mimi ndiye niliyeshika wembe. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza mapipa katika mji mdogo wa bandari. Yeye akasoma, akawa wakili, akatetea wezi wa kondoo na matajiri wa meli kwa bidii ileile. Kisha akaingia siasa. Uchaguzi wa kwanza alishindwa vibaya, mpaka mama yake mzazi alimwambia hakumpigia kura. Uchaguzi wa pili akashinda, akawa anapanda treni kwenda London bungeni na kurudi, miaka mingi, mpaka serikali yao ikampa cheo cha wakili wake mkuu. Mwishowe akapewa ujaji.

"Ipi uliipenda?" nilimuuliza.

Akasubiri niondoe wembe shavuni. "Wakili humsemea mtu mmoja," alisema. "Mbunge huwasemea wengi. Jaji hamsemei mtu. Nilipokuwa wakili nilikuwa nikisema nusu ya kweli. Nilipokuwa mwanasiasa, robo, na hiyo robo naipima kwanza. Waliponifanya jaji nilihisi nimevua viatu vilivyokuwa vikinibana maisha yangu yote."

Nikasema basi siku zote zile alikuwa anatembea amevaa viatu vya watu. Akacheka mpaka nikaogopa kumkata.

Alinieleza pia kwamba kwao mshtakiwa hana hatia au ana hatia, lakini iko pia hukumu ya tatu: haikuthibitika. Mtu anaachiwa aende zake, ila hakuna anayesema hakufanya. Nikamuuliza, "Yaani mmeshindwa kuamua?" Akakasirika kweli, uso ukawa mwekundu, akasema ni hukumu ya watu waungwana wanaokubali kwamba hawajui. Nikamwambia kwetu asiyejua hukaa kimya. Tulikuwa tunapendana kwa namna hiyo.

Kisha mdogo wangu akaugua. Kilikuwa kidole tumbo, akapasuliwa, akalala, akarudi kwangu akitembea ameinama. Alipopata nguvu ya kwenda chuoni alikuta wameshamfuta.

"Dada, wamenitoa kwenye system," aliniambia amesimama mlangoni, mkoba bado begani. "Wanasema nili-miss klasi nyingi mno. Na wameshani-report kwa watu wa uhamiaji."

Mwanafunzi asiyesoma si mwanafunzi, na asiye mwanafunzi viza yake imekufa. Miaka ile serikali ilikuwa imetoa msamaha kwa wasio na makaratasi, lakini ulikuwa wa waliotangulia kufika, naye aliingia nyuma yao. Wito ukaja wa kufika mbele ya jaji wa uhamiaji, upande wa Virginia.

Tukapata wakili, kijana mwenye macho ya usingizi, ofisi yake juu ya duka la mazulia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kesi si ngumu: kijana aliugua, vyeti vya hospitali vipo, chuo kiko tayari kumrudisha, jaji anaweza kulegeza. Kitu kimoja tu kingetuharibia. "Amewahi kufanya kazi hapa nchini?" aliuliza. "Mwanafunzi wa viza hii haruhusiwi. Wakigundua amefanya kazi, sina la kuwasaidia."

Mdogo wangu akasema hapana. Mimi nikasema hapana. Naapa hatukudanganya. Kazi ilikuwa ile niliyokuwa nikifanya mimi, yenye saa za kuingia na bosi. Kumnyanyua mzee asiyeweza kusimama ni kazi tangu lini? Kwetu ukipita ukaona mzee ameanguka na usimnyanyue, watu watauliza umezaliwa na nani. Ile bahasha haikutupitia akilini hata kwa mbali, si mimi, si yeye.

Jumapili tukaenda Oxon Hill kwa Mama Mkubwa. Alikuwa mwanamke wa Mombasa, hana undugu wa damu na yeyote kati yetu, lakini hakuna Mswahili wa eneo lile aliyeoa, aliyezaa au aliyefiwa bila kupita kwenye sebule yake. Akasikiliza habari yote huku akichambua mchele.

"Na mwenda na nani?" akauliza.

Nikamwambia tunaenda na wakili.

"Wakili mumemlipa, huyo. Nauliza mtu mzima wenu ni nani. Mtu haendi kuposa peke yake, seuze kwenda mbele ya hakimu! Mwataka huyo mzungu amuone huyu mtoto hana wenyewe?" Akasita, mkono ndani ya ungo. "Na jaji mzima mnaye ndani ya nyumba, mwamnyoa ndevu!"

Watu wote sebuleni wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatazamana. Hata mimi nilihisi kitu kinanifunguka kifuani. Ni kweli, popote kwetu jambo likiwa zito hutafutwa mtu mwenye heshima, akae mbele, aseme: huyu namjua. Na nani angekuwa na heshima mbele ya jaji kuliko jaji mwenzake?

Wakili alipoambiwa alifumbua macho kwa mara ya kwanza. Shahidi wa tabia njema, jaji mstaafu, aliyekuwa bungeni! Alisema hajawahi kupata shahidi wa namna hiyo. Alipiga simu pale nyumbani akazungumza na mzee, akatosheka na sauti yake tu. Binti akaomba ruhusa kazini ili atupeleke.

Asubuhi ile mzee alitaka suti nyeusi na tai. Nilimvalisha, nikamchana. Ilikuwa mwaka wa nyenze, wale wadudu wanaotoka ardhini baada ya miaka mingi, na miti yote ya mtaa ilikuwa ikilia. Aliniuliza kwa sauti kubwa ili nimsikie, "Wanataka niseme nini?"

Nikamwambia, "Sema tu unavyomjua."

"Hilo naliweza," alisema. Alikuwa na furaha. Miaka mingi hakuwa ameitwa popote.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, hakina dirisha, taa za juu zinavuma. Jaji wa pale alikuwa mtu mfupi mwenye joho jeusi, na alipoelezwa shahidi ni nani alijiweka sawa kwenye kiti. Mzee akaapishwa akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilikaa karibu naye nimeshika blanketi la miguuni. Wakili wetu akamuuliza kuhusu tabia ya kijana, na mzee akasema. Sijawahi kusikia mtu akisema vile. Alisema ameona vijana wengi mbele yake, wema na wabaya, na huyu angemwamini kwa nyumba yake na kwa mwili wake. Alisema kila anapofika humwamkia kabla ya kumgusa. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nikawaza, mama, tumepona.

Ndipo akasimama wakili wa serikali, mama mmoja mwenye mafua, mpole sana. Aliomba radhi kwa kukohoa.

"Unamwona mara ngapi?"

"Kila jioni."

"Akija hufanya nini?"

"Ananinyanyua. Ananiogesha. Ananiweka kitandani."

Yule mama akaangalia kalamu yake. "Analipwa?"

Nilimwona mzee anaelewa. Ile akili ya miaka yote ile, ya uwakili na ubunge na ujaji, iliamka yote kwa pamoja ikaona swali linakwenda wapi. Akamtazama mdogo wangu. Akanitazama mimi. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya blanketi, na mimi niliushika, nikaubana, nikimwomba kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Mwanasiasa angejua la kusema. Wakili angejua zaidi.

"Ndiyo," alisema. "Binti yangu humpa bahasha kila Ijumaa."

"Mzee!" nilisema, na jaji akaniambia ninyamaze.

Wakili wetu aliruka. Alikuwa amepauka, lakini alijaribu, namshukuru kwa hilo. "Ilikuwa zawadi, sivyo? Shukrani tu ya familia?"

Alimpa mlango ulio wazi kabisa. Kilichobaki ni kupita tu.

"Zawadi," mzee alisema polepole, "haiji kila Ijumaa."

Sheria ni msumeno, tunasema, hukata mbele na nyuma. Nilikuwa nimelisema neno hilo maisha yangu yote bila kujua linauma wapi. Jaji alikuwa mtu mzuri, hilo ndilo lililonikasirisha. Alisema anasikitika. Akampa mdogo wangu ruhusa ya kuondoka mwenyewe, bila pingu na bila kufukuzwa, akampa majuma machache ya kujiandaa. Wakili akatuambia huko ndiko kuhurumiwa.

Tukatoka nje kwenye maegesho. Nyenze walikuwa wakipiga kelele. Binti alilia, akasema atamwandikia mtu fulani, na wote tulijua hakuna mtu fulani. Akafungua mlango wa gari. Mzee alikuwa kitini pake, suti yake nyeusi, akitazama chini. Tukasimama pale, binti na mimi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kumwingiza. Mdogo wangu akavua koti, akanipa nilishike, akapitisha mikono kwapani mwa mzee, akamnyanyua akamweka ndani ya gari, akamfunga mkanda.

Nilimchukia yule mzee. Nasema wazi. Nilimpikia, nikamnyoa, na kwa siku nyingi sikumsemesha ila kwa lazima. Mdogo wangu yeye aliendelea kuja kila jioni kama kwamba hakuna kilichotokea. Shikamoo, marahaba, bafuni. Bahasha akaikataa, na safari hii sikumwambia apokee. Binti aliiacha mezani hivyohivyo, Ijumaa baada ya Ijumaa, moja juu ya nyingine.

Jioni moja niliwasikia kupitia mlango wa bafu.

"Nisingeweza kusema vingine," mzee alisema.

"Najua, mzee."

"Nilijua maana yake nilipokuwa nasema. Nataka ufahamu kwamba nilijua."

"Inua mkono kidogo, mzee. Huo mwingine."

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza mdogo wangu anawezaje. Akasema, "Dada, si tunafundishwa msema kweli mpenzi wa Mungu? Sasa ni-hate mpenzi wa Mungu?" Akacheka. Kisha akageukia dirishani, akakaa hivyo mpaka tukafika Silver Spring.

Aliondokea uwanja wa ndege wa Dulles, na sanduku moja na mkoba wake wa chuo. Mama akanipigia kabla hata ndege haijafika. Safari hii hakupiga kelele, simu za kwao zilikuwa zimekuwa nzuri. "Nilisikia mlikuwa na jaji wenu wenyewe," alisema. Nikasema ndiyo, mama, tulikuwa naye. Akasubiri niendelee.

Binti akapata mtu wa kuja asubuhi kumwogesha baba yake, mwanamume wa kampuni, mwenye glavu na haraka. Mchana tukabaki wawili. Na mchana mmoja mzee alitaka kwenda chooni, nikasema tusubiri, akasema hawezi kusubiri. Nikajaribu. Tulifika mlangoni pa bafu. Mguu wake ukateleza, nikamkumbatia nisimwachie, tukaenda chini wote wawili, taratibu, mpaka vigaeni. Hakuumia. Lakini kumnyanyua kutoka pale chini ilikuwa kama kunyanyua nyumba. Nilijaribu nikaacha, nikajaribu nikaacha. Simu ya ofisi ya binti iliita tu, ameshatoka, yuko kwenye treni. Nikarudi nikakaa sakafuni kando yake, mgongo kwenye beseni.

Tulikaa muda mrefu. Alikuwa amejilowesha, na alikuwa akijifanya hajui, nami nikajifanya sijui.

"Unanihukumu," alisema.

Nikamvisha kiatu kilichokuwa kimemvuka.

"Nimekaa kitini miaka mingi. Naijua sura ya mtu anayehukumu. Basi toa hukumu yako tuimalize. Nina hatia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa ulimini. Kisha nikamtazama, shati limempanda tumboni, nikashindwa kusema ndiyo, na hapana nayo nikashindwa.

"Iko ile ya tatu," alisema. Alikuwa karibu kuniomba.

"Ile ni ya kwenu, Mzee," nikamwambia. "Sisi hatuna. Kwetu kijana ameondoka."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakubishana, yeye aliyekuwa akibishana hata juu ya chumvi. Nikamvuta shati chini likamfunika tumbo.

Pale kona breki za basi zikalia. Aligeuza uso mlangoni, haraka, kabla hajakumbuka.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ndogo, na hakuna mtu aliyekuwa amemwamkia.

Nikapiga magoti, nikapitisha mikono kwapani mwake, nikajaribu tena.